Ukurasa wa Mia Moja na Arobaini

Wizarani walimwita Nukta, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alilipata mwaka wake wa tatu kazini, aliporudisha mkataba mzima wa uvuvi kwa sababu ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake, mabalozi wawili wakakosa chakula cha mchana wakimngoja amalize. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuogopwa ghorofa nzima ya nne. Ukimpelekea barua aliishika kwa ncha za vidole, kama aliyepewa nepi ya mtoto wa jirani, na kabla hujafika mlangoni alikuwa ameshakuita urudi. Wanasheria wawili wachanga waliowahi kusaini kitu bila kukisoma aliwahamishia masijala, huko chini kwenye mafaili na vumbi, na kabla ya kuwahamisha aliwasema mbele za watu mpaka mmoja akalia. Maneno aliyowaambia yalikuwa mazuri sana. Tatizo ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia yeye maneno hayo.

Nchi yao haikuwa mwanachama wa Jumuiya. Nchi kumi na moja jirani ziliungana zamani, zikawa na soko moja na ushuru mmoja, na wao wakabaki nje wakichungulia kama mpangaji ambaye hakualikwa kwenye harusi ya mwenye nyumba. Mazungumzo ya mkataba wa biashara kati yao na Jumuiya yalichukua miaka sita. Mkataba wenyewe ulikuwa kurasa hamsini tu. Uzito ulikuwa kwenye Kiambatisho cha Tatu, kurasa mia mbili na kumi na mbili za orodha tupu: bidhaa ambazo nchi yao ingeendelea kuzilinda kwa ushuru. Kilichomo kwenye orodha kingelindwa. Kisichomo, ushuru wake ungefutwa siku mkataba utakapoanza kutumika, na mali ya nchi kumi na moja ingeingia bila kubisha hodi.

Sasa, kuna kazi moja katika mikataba ambayo watu wa nje hawaijui. Inaitwa kusomeana. Mtu mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule wanakaa meza moja, kila mtu na nakala yake. Mmoja anasoma mstari kwa sauti, mwenzake anafuata kwa rula na kujibu "ndiyo". Hivyo hivyo mpaka ukurasa uishe, kisha wote wawili wanatia herufi za majina yao pembeni, na kuendelea. Mwishoni wanasaini hati inayosema kwamba kila neno limesomwa na kusikika. Baada ya hati hiyo hakuna anayerudia kusoma. Mawaziri hawasomi. Wabunge ndio kabisa.

Upande wa Jumuiya alikuja mwanasheria mmoja mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza. Yeye na Nukta walisomeana siku mbili kwenye chumba cha mikutano kisicho na dirisha, wakinywa maji ya chupa na kubadilishana dawa za koo. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, walikuwa ukurasa wa tisini. Ndege ya wageni ilikuwa saa kumi jioni. Kwenye ukumbi wa kutia saini wapiga picha walikuwa wameshapanga bendera, na Mkurugenzi wa Nukta, mkuu wa ujumbe wa nchi yake, alikuwa ameshachungulia mlangoni mara tatu, akitazama saa ya ukutani tu, kisha akimtazama Nukta.

"Dada," Nukta alisema, "hizi zilizobaki si ni zile zile za rasimu ya mwezi uliopita?"

"Wataalamu wetu walizipanga upya kwa namba za forodha," mwanasheria alijibu. "Lakini vitu ni vile vile. Wanasema hivyo."

"Basi tuseme tumesoma."

Mwanasheria aliweka rula chini, akamtazama kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Sifa za Nukta zilikuwa zimevuka mipaka.

"Wewe ndiye unayesema hivyo, kaka?"

"Mimi ndiye ninayesema."

Wakatia herufi kwenye kurasa mia moja na ishirini na mbili kwa muda wa dakika kumi na tano, mikono ikienda kama ya watu wanaopepeta. Wakasaini hati. Ukumbini makofi yalipigwa, na katika picha iliyotoka magazetini Nukta alisimama mstari wa nyuma, amenyoosha shingo ili aonekane.

Picha hiyo baba mkwe wake aliikata kwa mkasi, akaibandika ofisini kwa chama cha ushirika.

Baba mkwe alikuwa mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa maziwa kwa miaka kumi na minane. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye suti moja ya kahawia na maneno machache, ambaye hakuwahi kumwomba mkwe wake kitu chochote tangu alipomwozesha binti yake. Hata nauli hakuomba. Alichopenda ni kumtaja tu. Watu wakibishana jambo kwenye mizani ya maziwa, husema, "Ngojeni nimuulize mkwe wangu, yule anayesoma mikataba ya nchi hii," na ubishi huishia hapo. Chama kilikuwa na shida moja ya miaka yote: mvua zikija, maziwa huwa mengi kuliko kiwanda cha mjini kinavyoweza kununua, na watu huyamwaga. Kwa hiyo walikuwa wamejichanga muda mrefu wanunue mtambo wa kukausha, wauze maziwa ya unga wenyewe. Kilichobaki ni kikao cha wanachama wote kuamua kama wavunje mkataba na kiwanda cha mjini na kuweka nguvu zao zote kwenye mtambo.

Ijumaa moja, siku ya arobaini tangu ile hati isainiwe, simu ya Nukta iliita ofisini.

"Mwanangu, hujambo? Nakusumbua kazini."

"Sijambo, baba. Shikamoo. Hunisumbui hata kidogo."

"Marahaba. Nina swali dogo tu. Katibu wetu anataka kuwasomea watu pale kwenye kikao kwamba maziwa ya unga yamelindwa. Anauliza ni ukurasa wa ngapi."

"Dakika moja, baba, nikufungulie."

Akafungua kitabu cha mkataba kwa raha zake, simu ameibana kwa bega. Ukurasa wa mia moja na arobaini ulikuwa na nyama, mayai, kisha chini kabisa: maziwa mabichi. Akafunua. Ukurasa uliofuata ulianza na mtindi, halafu siagi, halafu jibini. Akarudi nyuma. Maziwa mabichi. Akafunua. Mtindi. Walipopanga upya kwa namba za forodha, mstari mmoja, ule wa maziwa ya unga, ulikuwa umedondoka katikati ya kurasa mbili. Rasimu ya mwezi uliotangulia ilikuwa kwenye kabati. Aliivuta kwa mkono wa kushoto, na humo mstari ulikuwapo, umekaa kwa starehe zake. Kwenye kitabu kilichosainiwa haukuwapo, na pembeni mwa kurasa zote mbili, kwa wino wa buluu, zilikuwapo herufi za jina lake.

"Upo, mwanangu?"

Hapo ndipo angesema. Ingetosha kusema, baba, nitakupigia baadaye. Hata hilo tu lingetosha. Lakini mtu mwenyewe alikuwa baba mkwe, na mbele ya baba mkwe hata kupiga chafya unatafuta kona. Akasikia mdomo wake ukisema:

"Mia moja na arobaini, baba."

"Mia moja na arobaini. Naandika. Asante sana, mwanangu. Wasalimie watoto."

Simu ikakatika, na Nukta akabaki ameishika sikioni.

Isije ikaonekana kwamba jambo lenyewe halikuwa na dawa. Lilikuwa nayo, tena rahisi. Mkataba ulikuwa na kifungu cha makosa: ndani ya siku sitini tangu kutia herufi, upande wowote ungeweza kuandika barua kusema kuna kosa la uandishi, na upande wa pili usipopinga, ukurasa unabadilishwa. Siku sitini zikipita, maandishi yanakuwa ya mwisho, na kuongeza hata mstari mmoja kunahitaji mabunge yote kumi na moja ya Jumuiya yapige kura, jambo ambalo wajukuu wa baba mkwe wasingeliona. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini. Barua yenyewe nusu ukurasa.

Ila barua hiyo ilikuwa na masharti. Lazima isainiwe na Mkurugenzi, lazima iambatane na maelezo ya msomaji kwa nini kusomeana hakukuliona kosa, na marekebisho pamoja na sababu yake lazima yatangazwe kwenye gazeti la serikali. Nukta alijua kifungu hicho kwa moyo. Alikiandika yeye mwenyewe, na sharti la maelezo ya msomaji ndiye aliyelisisitiza, kwa sababu, alisema wakati ule, wazembe wajulikane.

Siku za kwanza alijiambia atamwambia Mkurugenzi Jumatatu. Jumatatu Mkurugenzi alikuwa na mafua. Alhamisi alikuwa na furaha, na nani anamharibia bosi furaha yake? Wiki iliyofuata Mkurugenzi alimsimamisha mbele ya wafanyakazi wapya na kuwaambia, "Huyu mnayemwona, akishasoma, hata mimi sisomi tena." Watu wakacheka, naye akacheka, lakini kicheko chake kilimtoka puani. Nyumbani mkewe alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni meno. Mke akamchemshia maji ya chumvi, akasimama pale hadi ayasukutue yote, na mwanamume mzima akasukutua meno yasiyouma siku nne mfululizo, kwa aibu ya kusema ukweli.

Kikao cha wafugaji kikaangukia Jumamosi, siku ya hamsini na tano. Alipiga moyo konde. Angekwenda mapema, amvute mzee pembeni, amwambie: baba, ahirisheni kura, kuna jambo wizarani. Si lazima aseme jambo gani. Mpango wake ulikuwa mzuri mpaka alipofika na kukuta ukumbi umejaa, watu wamekaa mpaka madirishani, na kiti kimewekwa mbele, karibu na cha mwenyekiti, kimetandikwa kitambaa. Mkewe alikuwa ametangulia kuwasaidia wanawake wa chama kugawa chai, akampungia mkono kwa mbali. Baba mkwe alikuwa ndani ya suti yake ya kahawia.

"Baba, nilikuwa na neno dogo."

"Tutaongea tukimaliza, mwanangu. Watu wanakungoja."

Hiyo ikawa ndiyo hodi na karibu yake. Mzee alisimama, akaeleza habari ya mtambo na habari ya kiwanda cha mjini. Hakutia chumvi. Kisha akasema kwamba hofu ya wanachama ni moja, nayo ni ya haki: maziwa ya unga ya Jumuiya yakiingia bila ushuru, mtambo wao utakuwa chuma cha kukalia kuku. "Lakini mkataba umesomwa na mtu wa nyumbani kwangu. Mimi nasimama kwa ajili yake. Mkwe, wasomee."

Nukta akasimama na kitabu chake. Kiti kilichotandikwa kilikuwa nyuma yake na watu mia tatu walikuwa mbele yake. Akafungua ukurasa wa mia moja na arobaini. Macho yake yalikuwa kwenye maziwa mabichi, na chini ya maziwa mabichi palikuwa na nafasi nyeupe.

"Maziwa ya unga," alisoma kwa sauti ile ile aliyoisomea mikataba miaka kumi na saba, "ya aina zote, yenye sukari au yasiyo na sukari. Ushuru unabaki."

Kisha mwanamke mmoja mzee mstari wa tatu, ambaye shingoni alikuwa bado na kamba ya ufunguo wa zizi, akainua mkono.

"Samahani, mwanangu. Soma tena, nisikie vizuri. Mimi nina ng'ombe wawili tu, nikikosea sina wa kufidia."

Ardhi haikupasuka. Mtu anaweza kuiomba mpaka kesho na isipasuke. Nukta akainamisha macho kwenye nafasi nyeupe akausoma mstari ule mara ya pili, polepole, kwa hisani ya yule mama, hata akaonyesha kwa kidole.

"Asante," mama alisema. "Sasa nimeelewa."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Haikuhitaji kuhesabiwa. Baba mkwe akamshika bega mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mkono ule ulikaa pale muda wote makofi yakipigwa. Nukta alirudi nyumbani bila kusema lile neno dogo. Mzee mwenyewe alikumbuka, akauliza, "Ulikuwa na neno?" naye akajibu kwamba limeshapita.

Jumapili hakula. Jumatatu asubuhi, siku ya hamsini na saba, alifunga mlango wa ofisi na kumpigia simu mwanasheria wa Jumuiya. Hila yake ilikuwa ndogo na ya kitoto: amwombe yeye aanzishe barua kutoka upande wao, waseme kompyuta yao ndiyo iliyokosea, na habari ya kusomeana isitajwe.

"Dada, habari za siku nyingi. Kuna jambo kwenye Kiambatisho cha Tatu—"

"Maziwa ya unga," mwanasheria alisema.

Nukta akaibana simu sikioni.

"Tuliliona siku ya tisa, kaka. Barua ya kukubali marekebisho nimeshaiandika, iko kwenye droo yangu. Kila siku nauliza mapokezi kama barua yenu imefika. Niliwaambia wenzangu, ngojeni, yule bwana hakosi, ataiona tu."

"Kwa nini hamkuandika nyinyi?"

"Tunawezaje? Nchi wanachama tatu zinauza maziwa ya unga. Nikianzisha mimi, wataniuliza nafanya kazi ya nani. Mkianzisha nyinyi, hakuna wa kupinga, maana wote wanajua tulikubaliana yalindwe. Hiyo ndiyo maana ya siku sitini." Akakohoa kidogo. "Umeliona lini?"

Nukta akaigeuza kalenda ya mezani isimtazame.

"Basi sikuulizi. Lakini andika leo. Na mimi nitaandika maelezo yangu kwamba hatukusoma. Tulikuwa wawili mle chumbani. Sitakuachia peke yako."

Wema huo ndio uliomuuma zaidi. Mwanamke wa nchi nyingine, asiye na ng'ombe wala mkwe upande huu, alikuwa tayari kuchafua jina lake mbele ya mabosi wa nchi kumi na moja, na yeye alikuwa amehesabu siku kumi na saba akitafuta mlango wa nyuma. Akaandika barua. Akaandika na maelezo, mistari sita, na katika mstari wa nne alieleza kwamba yeye ndiye aliyesema waseme wamesoma. Jumanne asubuhi aliipeleka kwa Mkurugenzi kwa mkono wake.

Mkurugenzi alisoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Umejua lini?"

"Siku ya arobaini."

"Leo ni ya hamsini na nane."

"Ndiyo, mama."

"Wale vijana wawili wa masijala. Waliosaini bila kusoma." Alichukua kalamu. "Wao walikuja kuniambia siku hiyo hiyo."

Hakupandisha sauti. Akasaini, akamwita dereva, barua ikaondoka kabla ya saa nne. Kwa upande wa kazi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho ya maana. Jibu la Jumuiya lilirudi siku ya hamsini na tisa, ukurasa wa mia moja na arobaini ukachapwa upya, na maziwa ya unga yakakaa mahali pake kati ya maziwa mabichi na mtindi. Nukta alibaki na ofisi yake, lakini kazi ya kusomeana akapewa mwingine, na ghorofa ya nne nzima, bila mtu kutoa amri, ikaacha kumwita Nukta. Walimwita bwana. Bwana habari za asubuhi. Bwana chai yako.

Ungedhani yameisha, na yeye alidhani hivyo. Maziwa yamelindwa, mtambo utajengwa, yule mama mwenye ng'ombe wawili hatapoteza kitu. Kilichosomwa Jumamosi ile hakikuwa kweli siku hiyo, lakini sasa kilikuwa kweli, na nani ataumia kwa siku nne? Alianza hata kulala. Alilisahau gazeti la serikali, kwa sababu hakuna anayelisoma. Baba mkwe alikuwa analisoma. Tangu mkataba uanze kuzungumzwa alikuwa analifuata posta kila wiki, alisome neno kwa neno, aone jina la mkwe wake.

Alikuja Alhamisi moja, wiki tatu baadaye, saa kumi alasiri, bila kupiga simu. Mkewe Nukta alifungua mlango, akafurahi, akakimbilia jikoni. Mzee hakukaa. Alikuwa na gazeti limekunjwa mara mbili.

"Shikamoo, baba. Karibu ukae."

"Marahaba." Akalikunjua. "Hapa wanasema maziwa ya unga hayakuwamo. Wanasema yameingizwa tarehe hii hapa. Kikao chetu kilikuwa Jumamosi kabla ya tarehe hii. Nimehesabu mara nyingi, nikadhani ni macho yangu."

"Si macho yako, baba."

"Jumamosi ile ulisoma wapi?"

Jikoni vikombe vilinyamaza. Mke alikuwa amesimama na sinia, anasikia.

"Sikuwa nasoma, baba," alisema. "Hapakuwa na kitu pale."

Mzee aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeonyeshwa njia ya kwenda mahali.

"Yule mama alikuomba usome tena."

"Ndiyo."

"Ukasoma tena."

"Nisamehe, baba. Nimeyarekebisha. Maziwa yamelindwa sasa, hamtapata hasara yoyote, mimi mwenyewe nili—"

"Nimeona. Asante kwa hilo." Alikunja gazeti. "Jumamosi ijayo nimeitisha kikao. Utakuja?"

Alisema atakuja. Mzee akamwita binti yake, akamshika kichwa kumuaga, akaondoka bila kunywa chai.

Usiku na mchana hadi Jumamosi Nukta alipanga maneno. Angesimama, aseme yote, asijitetee. Wamzomee wakitaka. Alijipima akaona anaweza. Tena palikuwa na kitu kama afueni katika kufikiri kwamba aibu yote itamwagika juu ya kichwa chake mara moja na kuisha. Alijizoeza hata mbele ya kioo. Mkewe alimkuta, akafunga mlango wa bafu. Tangu Alhamisi hakuwa amemsemesha ila kwa habari za watoto.

Ukumbi ulijaa kama mara ile. Safari hii hapakuwa na kiti cha wageni, akakaa kwenye benchi pamoja na wanachama. Kabla hajainuka, baba mkwe alisimama. Alikuwa amevaa suti.

"Nimekuwa mwenyekiti wenu miaka kumi na minane," mzee alisema. "Mwezi uliopita niliwaambia nasimama kwa ajili ya mtu, nikamleta mbele yenu awasomee. Alichowasomea hakikuwapo kwenye karatasi. Bahati nzuri kimewekwa baadaye, kwa hiyo maziwa yenu yako salama na mtambo uendelee. Lakini mlipiga kura kwa neno langu, na neno langu halikuwa kweli. Mtu wa namna hiyo hakai kwenye kiti hiki."

Akauweka mhuri wa chama mezani, mbele ya makamu wake. Watu waliguna, mmoja akasema, "Hapana, mzee, si kosa lako," na wengine wakaunga mkono. Mzee aliwainulia kiganja cha mkono, wakanyamaza.

Nukta alikuwa ameshasimama. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa ya mtu mwenye aibu yake, na hayakuwa na kazi tena. "Ni mimi," alisema. "Baba hakujua. Ni mimi." Sauti yake haikufika hata nusu ya ukumbi.

Yule mama wa ng'ombe wawili aligeuka, akamtazama kidogo, bila hasira, kama unavyomtazama mtu aliyekuuliza njia ukiwa na haraka. Kisha akageukia mbele tena. Yeye na wenzake wote walikuwa wanamwangalia baba mkwe, ambaye alikuwa anashuka kwenye jukwaa ngazi moja moja, ameshika ukuta. Mzee alipita karibu na benchi la Nukta, akaendelea hadi mstari wa nyuma kabisa, akatafuta nafasi kati ya watu, akakaa. Wala hakuinua uso mpaka kikao kilipofungwa.